Baunsa wa jimu na mpagazi wa Kilimanjaro: tuache kuchanganya nguvu na ugumu

#1 Mgumu Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna ubishi hauishi hapa Moshi, hasa msimu wa wageni ukichanganya. Upande mmoja wanasema kijana aliyejaza kifua na mikono ana nguvu kuliko mpagazi mwembamba anayepandisha mzigo mlimani. Upande wa pili wanajibu kwamba jimu ni maonyesho tu, mtu anajenga mwili wa kupiga picha, nguvu halisi iko kwa wabeba mizigo. Mimi nimebeba mizigo mlimani misimu mingi, siku hizi natembea na wageni kama msaidizi wa kiongozi, na nikiwa mjini jioni napiga chuma kama wengine. Kwa hiyo kote nimekaa. Naona tunabishania vitu viwili kwa jina moja.

Nguvu ni uzito unaoweza kuuinua sasa hivi, umeshiba, umelala vizuri, na chuma kina mahali pazuri pa kushika. Ugumu ni kubeba mzigo ule ule siku ya tano, umelala hema moja na watu kibao, mvua imekunyeshea tangu msituni, soksi hazijakauka, na kambini mgeni anasubiri maji ya moto.

Nieleze kazi yenyewe kwa wasioijua. Chukulia njia ya Machame. Geti liko kwenye mita 1,800 hivi, mzigo unapimwa kwenye mizani, na kikomo cha mpagazi ni kilo 20. Asubuhi wageni wanaondoka na kiongozi, wapagazi wanabaki kukunja mahema na kufunga vyombo. Halafu wanawapita wageni njiani, wanafika kambini mapema, na mgeni akitokea anakuta hema limesimama. Hivyo hivyo kila siku mpaka kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600.

Mtazame mpagazi mzoefu kwa karibu, utaona haendi kwa misuli. Mzigo umekaa kichwani juu ya nguo iliyokunjwa, au nyuma ya shingo ukiegemea mabega. Shingo imenyooka, macho yanaangalia hatua chache mbele, siyo vidole vya miguu. Hatua fupi, unyayo wote unakanyaga. Kwenye mwinuko mkali hapigi stori. Na hapumziki popote tu: anatafuta jiwe la kimo cha kiuno au kifua, anaegesha mzigo pale bila kuushusha chini. Ukiuweka kilo 20 ardhini lazima uinue tena, na kule juu kuinua mara kumi kunakumaliza kuliko kutembea nao kilomita nzima. Hiyo hufundishwi jimu, na wala hukuzaliwa nayo.

Sasa baunsa. Wengi wao siku ya kwanza msituni wanakwenda kasi, wanawapita wenzao, wanapiga pushapu wakifika kambini. Siku ya pili jioni, kambi ya Shira, amekaa kwenye jiwe ameshika kichwa. Tatizo si udhaifu. Kileleni, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa Dar, na utimamu wa mwili haumkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Martina Navratilova, bingwa wa Wimbledon mara 9 kwa mchezaji mmoja mmoja, alijaribu kupanda Desemba 2010. Mapafu yakajaa maji, akashushwa na kupelekwa hospitali Nairobi. Utamwambia nani kwamba yule mama alikuwa hana mazoezi?

Ila kuna jambo linaniudhi, na ndilo limenifanya nianzishe uzi. Watu wakishaona haya wanahitimisha: "Wale wapagazi wameumbwa hivyo, ni wagumu." Hata sisi wenyewe tunaitana wagumu, na tunajisifia. Lakini nimeona mara nyingi, mtu anayesema "hawa ni wagumu" anasema huku anaongeza kitu juu ya mzigo uliokwisha kupimwa. Ugumu ukishakuwa sifa ya kuzaliwa, hakuna anayejiona anadaiwa koti, chakula wala siku ya kupumzika. Hapa Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, unaazima nguo za mlimani bure kwa wasio nazo. Nguo za baridi, wakuu, kwa watu tunaosema baridi haiwaingii.

Nawasilisha. Karibuni tubishane, matusi hapana.

#2 Chuma Asubuhi

Mkuu umeandika vizuri ila umetuonea sisi wa jimu. Hilo la nguvu kuwa "maonyesho" hukulikataa kwa sauti ya kutosha.

Nguvu ni akiba. Mtu ambaye mwisho wake kuinama na kuinuka na uzito begani ni kilo 60, mzigo wa kilo 20 kwake ni theluthi nzima. Mwenye uwezo wa kilo 150, ule ule mzigo haufiki hata sehemu ya saba. Kila hatua inamgharimu kidogo. Huyo wa pili ukimpa miezi ya kuzoea mwinuko na kujifunza kubeba, atakuwa mpagazi bora kuliko wa kwanza. Shida unamlinganisha baunsa wa wiki moja na mpagazi wa miaka.

Na kuna kazi ugumu hauna msaada. Friji la milango miwili linapanda ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, kona mbili. Pale husemi "nitavumilia". Ama unaliinua au linakulalia.

#3 Mgumu Mstaafu

Chuma Asubuhi, hoja ya akiba naichukua yote. Ila wapi umeona baunsa akipewa miezi ya kuzoea? Anakuja na siku zake 6 za likizo. Na misuli ile ni mzigo pia, anaibeba hata akiwa mikono mitupu.

#4 Ticha wa Baiolojia

Naomba niingize darasa fupi, msikimbie.

Nguvu ya mara moja inategemea unene wa misuli na jinsi mishipa ya fahamu inavyoamsha nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja. Ndiyo maana mtu akianza jimu, wiki za mwanzo anaongeza uzito kabla hata mkono haujanenepa: fahamu ndizo zimejifunza. Kazi ya saa nyingi inategemea mambo mengine. Moyo unasukuma damu kiasi gani, mishipa midogo mingapi inafika kwenye msuli, na ndani ya seli zimo mitokondria ngapi, yaani vijumba vinavyotumia oksijeni kutengeneza nishati. Nyuzi za haraka zina nguvu na huchoka upesi, za polepole zinaendelea. Kila mtu anazo zote, mchanganyiko ndio unatofautiana.

Lakini kuna kitu cha tatu ambacho mleta uzi amekigusa na watu watakiruka: ufundi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya, mmoja wa watafiti akiwa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walipima wanawake wa Kijaluo waliozoea kubeba kichwani na wa Kikuyu waliozoea kubeba mgongoni kwa mkanda wa paji la uso. Walikuta kwamba mpaka mzigo ufikie kama moja ya tano ya uzito wa mwili, wanawake wale hawakutumia nishati ya ziada kuliko wakitembea mikono mitupu. Wakati mwanamume ambaye hajazoea, ukimwongezea mzigo, gharama inapanda pale pale. Maelezo yaliyotolewa baadaye, miaka ya 1990, yakahusu mwendo: mwili wa mtembeaji unapanda na kushuka kila hatua, na wale wanawake walikuwa wanapoteza nishati ndogo kuliko wengine katika kupanda na kushuka huko.

Niweke na tahadhari. Utafiti wa baadaye wa Afrika Kusini ulikuta watu wanatofautiana sana, si kila mwanamke aliyezoea kubeba kichwani anapata nafuu hiyo. Kwa hiyo tusianze tena "wameumbwa hivyo".

#5 Mama Wawili

Ticha asante, nimecheka lakini. Moja ya tano ya uzito wa mwili! Mimi nina kilo 60, hiyo ni kilo 12. Ndoo ya maji ni lita 20, na ndoo yenyewe ina uzito wake. Kwa hiyo nafuu ya wataalamu inaishia nikivuka nusu ya ndoo kidogo tu.

Nilikolelewa mimi maji yalikuwa bondeni. Unaweka ngata kichwani, mwenzako anakutwika, kwa sababu kujitwika mwenyewe ndipo kiuno kinapokatikia. Majani ya mgomba juu ya maji yasimwagike. Unapanda huku unajua ukifika kuna kuni, kuna mtoto, kuna ugali. Shingo ikiuma usiku bibi anakukanda na mafuta, anasema utazoea. Na kweli tulizoea. Halafu kijiji kizima kikasema wanawake wa huku ni wagumu, na kwa kuwa ni wagumu, bomba likachelewa kuja. Mwanangu mleta uzi, hilo la koti umelisema vizuri, ila ujue halikuanzia mlimani.

Kuna ugumu mwingine ambao hauna mizani. Mtu anauguza mgonjwa wa kupooza nyumbani. Kumgeuza kitandani kila baada ya saa chache, usiku na mchana, mwaka unaisha unaanza mwingine. Hapo unahitaji nguvu ya mgongo na unahitaji ugumu, na ukikosa kimojawapo mgonjwa anatoka vidonda.

#6 Mgumu Mstaafu

Shikamoo mama. Sina la kuongeza kwenye hilo la bomba.

#7 Mtu wa Kona

Kila uzi wa ugumu lazima John Stephen Akhwari apite, mimi siwezi kuvunja mila. Mexico 1968, marathoni, walianza 75 wakamaliza 57, yeye wa mwisho, goti limefungwa bandeji, uwanja umeshaanza kuwa mtupu. Mbishi wa ugumu aje hapa.

#8 Chuma Asubuhi

Namheshimu mzee kuliko ninavyoweza kueleza, ila mfano wake unatupeleka pembeni. Ile ilikuwa siku moja, mashindano, jezi ya taifa kifuani. Mexico City iko mita 2,240 na hewa yake ilimtesa kama ilivyowatesa wengi. Mleta uzi anazungumzia ugumu wa Jumanne ya kawaida ambayo hakuna kamera.

#9 Mama Wawili

Akhwari alijua utepe uko wapi. Sisi tunaulizana kama upo.

#10 Mzigo Shauri Moyo

Mimi niko Nairobi, kazi yangu ni mkokoteni sokoni, miaka mingi sasa. Wacha niseme ya kwetu.

Sokoni huwezi kutenganisha hayo mawili. Gunia likiwa kwa lori, kuna wa kulishika juu na wa kulipokea mgongoni. Ule wakati gunia linakuangukia ni nguvu, sekunde mbili tu. Miguu ikicheza umeenda. Baada ya hapo ni kutembea nalo kwa matope, kupita katikati ya watu na pikipiki, na hiyo ni ujuzi na pumzi. Kijana wa jimu tumewaona wakija. Wengine wanaweza kabisa kubeba gunia la kwanza vizuri kuliko sisi. Kufika saa nne asubuhi wameketi, kwa sababu walibeba kwa hasira. Mzee wetu mmoja mwembamba, mtu ungedhani upepo utampeleka, bado anabeba. Hana haraka hata kidogo.

Lakini huyo mzee ukimwona akiinuka kutoka kwa kiti utamhurumia. Goti moja halikunji vizuri. Kwa hiyo mtu asiniambie ugumu hauna gharama. Huku Kenya kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Si kila mtu anafuata, lakini gunia la kilo 50 likija mgongo unajua tofauti bila kuuliza.

#11 Kipimo Halali

Hapo kwenye magunia. Kwetu Tanzania lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kuwekwa kilemba juu, imepigwa marufuku na kikomo cha gunia la mazao ni kilo 100. Tunaimba kila mwaka kwamba lumbesa inamwibia mkulima, kweli inamwibia. Ila sijasikia mtu akisema kilo 100 inabebwa na mgongo wa nani. Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe peke yake zaidi ya kilo 55. Kwa maana hiyo hata gunia halali kabisa kisheria, lisilo na kilemba, ni karibu mara mbili ya hapo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ndio unakaa ndani ya kiwango, na muulize fundi yeyote mifuko 40 ikishuka kwenye gari inaacha nini kiunoni.

#12 Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, nimekaa kimya nasoma. Mnaowasifia wagumu tunawapokea sisi.

Anakuja mbeba mizigo na ngiri iliyotoka siku nyingi, alikuwa anaifunga na mkanda na kuendelea na kazi. Anakuja mwingine mguu unakufa ganzi, pingili ya mgongo imebana mshipa, anasema "nilijua ni uchovu". Wanaume ndio zaidi. Ukimwuliza maumivu yalianza lini, anakutajia msimu wa mvua, si wiki hii. Mwili ulimwambia mapema, yeye akaona kusikiliza ni udhaifu.

Na mlimani ndiyo hatari kubwa, mleta uzi atanisahihisha. Mtu anaficha maumivu ya kichwa asionekane mnyonge, anaficha kukohoa, anaendelea kupanda. Ubongo ukianza kuvimba au mapafu kujaa maji, dawa ya kwanza ni kushuka, na kushuka kunatakiwa wakati bado ana miguu.

#13 Mgumu Mstaafu

Dada Zamu ya Usiku, hakuna cha kusahihisha. Niongeze tu tunavyofanya. Mgeni tukimshuku tunamwambia atembee kwenye mstari, kisigino mbele ya vidole, hatua kadhaa. Akiyumba kama mlevi, hatujadiliani naye, safari ya kupanda imeisha. Wanaogoma kushuka mara nyingi ni wale wenye miili mikubwa na waliozoea kushinda. Mwenye mwili mdogo anayetembea polepole na kulalamika kila saa, huyo ananipa usingizi mzuri, maana najua hali yake.

Wapagazi sasa ndio shida. Mgeni anaulizwa kila jioni anajisikiaje. Mpagazi nani anamuuliza? Akisema kichwa kinauma anaogopa safari ijayo hataitwa. Kwa hiyo anameza panadoli na kubeba. Nimewahi kumwona kijana wa msimu wa kwanza, viatu vya mtumba vimepasuka kando, anatetemeka karibu na jiko la mpishi, akiulizwa anasema yuko poa. Alikuwa hayuko poa. Kiongozi wetu siku ile alimgawia mzigo wake kwa wengine wanne na kumshusha na mwenzake. Wapo viongozi ambao wangemwambia jikaze.

Hivyo ninavyoona mimi, kambi yenye ugumu ni ile ambayo mtu anaweza kusema "sina hali" na kesho yake bado ana kazi. Simon Mtuy, mtu wa hapa hapa Kilimanjaro, mwaka 2006 alipanda na kushuka mlima huu bila kusaidiwa kwa muda usiofika saa 10. Mtu wa namna hiyo anaujua mwili wake kwa undani: lini ale, lini apunguze, lini kichwa kinadanganya. Jikaze haiwezi kumfikisha mtu huko.

#14 Mjukuu wa Same

Bibi yangu umri umekwenda, hajawahi kuona jimu, analima, anafungua mfuniko wa chupa uliotushinda. Yeye tumweke kundi gani?

#15 Ticha wa Baiolojia

Mjukuu, bibi yako ana yote mawili na ameyapata kwa kulima. Na mkono wake usiuchukulie utani. Nguvu ya kushika kwa kiganja ni kipimo ambacho watafiti wanakitumia sana kwa wazee, kwa sababu wenye mshiko dhaifu huonekana kuwa katika hatari zaidi ya kuumwa na kufa mapema. Misuli inapungua kadiri umri unavyokwenda, na asiyeitumia inapungua mbio. Mzee anapoanguka bafuni, kilichokosekana mara nyingi ni nguvu ya mapaja ya kujizuia ndani ya nusu sekunde. Uvumilivu hauna nafasi pale. Chuma Asubuhi, hii ni hoja yako, ichukue.

#16 Chuma Asubuhi

Nimeichukua na risiti.

#17 Mpanda Mara ya Kwanza

Wakuu mimi nimejifunza mengi. Desemba tunapanda na wafanyakazi wenzangu, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti. Nina miezi mitatu. Nijenge nguvu au nijenge ugumu? Jibu la kueleweka tafadhali.

#18 Mgumu Mstaafu

Jibu la kueleweka: tembea. Jumamosi toka asubuhi rudi jioni, na begi la kilo 6 au 7, viatu hivyo hivyo utakavyopanda navyo. Jumapili ukiwa umechoka toka tena hata kwa muda wa saa mbili. Hiyo ya Jumapili ndiyo muhimu, mwili unajifunza kufanya kazi ukiwa haujapona vizuri. Ukiwa na jengo lenye ngazi, panda, lakini usishuke kwa lifti. Shuka kwa miguu.

Maana kila mtu anaogopa kupanda, na kinachowaliza watu ni kushuka. Toka kilele cha Uhuru mpaka geti la Mweka ni zaidi ya mita 4,000 za kushuka, kwa kawaida ndani ya siku mbili. Paja linafanya kazi ya breki muda wote, na goti linapokea. Hapo, nasema mbele ya mashahidi, skwati za jimu zinasaidia kuliko kitu kingine chochote. Mara mbili kwa wiki, uzito wa wastani, kushuka taratibu.

Na chagueni safari ya siku 7, siyo 5. Ofisi nyingi zinabana siku kuokoa hela halafu nusu ya watu hawafiki. Mlimani nenda polepole mpaka uone aibu.

#19 Chuma Asubuhi

Someni tena: "skwati za jimu zinasaidia kuliko kitu kingine chochote." Admin naomba ibandikwe juu ya uzi.

#20 Mpanda Mara ya Kwanza

Asanteni sana. Swali la mwisho, begi langu la kumpa mpagazi limefika kilo 19 na bado koti sijaweka. Kuna shida?

#21 Mgumu Mstaafu

Shida ipo. Mpagazi ana kikomo cha kilo 20 na hajaweka nguo zake wala hema. Toa suruali za jinzi, toa pasi kama umeweka, nimeshaona mtu kaja nayo. Ishuke chini ya 15 na koti likiwemo.

#22 Mpanda Mara ya Kwanza

Pasi sina mkuu. Ila kuna spika.

#23 Mama Wawili

Ibebe mwenyewe, mwanangu.